Jinsi ya Kuchagua Skrubu Zisizodondoka kwa Konekta za D-sub

Konekta za D-sub, yaani viunganishi vya waya vyenye uso wa umbo la herufi D na safu za pini ndani yake, bado zinatumika sana kwenye mashine za viwandani na vifaa vya maabara, na kinachozizuia zisichomoke ni skrubu mbili ndogo za pembeni. Skrubu ninazozieleza hapa ni zile ambazo ukizifungua hubaki kwenye kasha la konekta badala ya kudondokea ndani ya mtambo, lakini zikiliwa meno unaweza kuzitoa na kuweka nyingine bila kugusa waya. Kinachowezesha hayo ni shingo: sehemu ya kati ya skrubu imepunguzwa unene, meno yako kwenye ncha peke yake, na tundu la kasha nalo lina meno. Ncha ikishapita tundu hilo, shingo huteleza mbele na nyuma kwa uhuru, ila ncha hairudi mpaka mtu aizungushe.

Hatua ya 1: Tambua meno ya upande wa mtambo

Anza na nati za pembe sita zilizo kwenye mtambo, si na kasha ulilonalo mkononi, kwa kuwa nati hizo ndizo zinazoamua. Nyingi ni za kipimo cha 4-40 UNC (kipimo cha Kimarekani cha skrubu kinachotumia inchi), ambacho skrubu yake ina kipenyo cha mm 2.84 na meno 40 kwa kila inchi, yaani mm 0.635 kutoka jino hadi jino. Vifaa vingine hutumia M3, yenye kipenyo cha mm 3 na hatua ya mm 0.5 kati ya jino na jino, na vya Japani aghalabu huja na M2.6. Kwa macho 4-40 na M3 hufanana mno. Ukilazimisha M3 kwenye nati ya 4-40 utaharibu zote mbili, na 4-40 ikiingizwa kwenye nati ya M3 hukaa kwa ulegevu, kisha hukwama baada ya mizunguko michache, hivyo fundi asiye makini hudhani imekaza ilhali konekta haijakaa sawasawa.

Pima kipenyo kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene na kipenyo), kisha jaribu nati kwa skrubu unayojua kipimo chake kwa hakika, ukitumia vidole tu. Ikikataa kuingia kwa vidole, usichukue bisibisi.

Hatua ya 2: Pima shingo

Hapa ndipo ununuzi mwingi unapoharibika, kwa sababu wauzaji wengi hutaja urefu wote wa skrubu na kunyamaza kuhusu shingo. Urefu wa shingo lazima uzidi unene wa sehemu yenye meno ya kasha ukijumlisha na kina ambacho ncha huingia kwenye nati. Tuseme sehemu hiyo ya kasha ina unene wa mm 2 na ncha huingia mm 4 ndani ya nati: shingo ya mm 6 haitoshi, tafuta ya mm 6.5 au 7. Ikiwa fupi, unapofungua, ncha hugonga kasha kabla haijaachana na nati, na skrubu hushikwa na meno ya pande mbili kwa wakati mmoja.

Unene wa shingo nao una mipaka yake. Tundu la 4-40 hutobolewa kwa keekee ya takriban mm 2.26 kabla ya kukatwa meno, kwa hiyo shingo ya mm 2.0 hadi 2.1 hupita vizuri. Nyembamba zaidi ya hapo hukatika upesi inapokazwa kwa nguvu.

Hatua ya 3: Chagua kichwa na madini

Kichwa cha kuzungushwa kwa vidole kinafaa pale konekta inapofunguliwa mara kwa mara, mradi konekta ya jirani isizuie vidole. Kwenye mashine inayotikisika napendelea kichwa chenye mfuo wa bisibisi. Gundi ya kuzuia skrubu kulegea usiitumie kwenye kasha la plastiki, maana aina nyingi za gundi hiyo hupasua plastiki. Kwa mitambo iliyo karibu na bahari, chuma kisichoshika kutu kinastahili gharama yake.

Hatua ya 4: Jaribu kabla ya kununua nyingi

Hakikisha kwanza nati za mtambo zimekazwa kwa spana ya mm 5, la sivyo zitatoka pamoja na skrubu. Kisha sukuma konekta ikae sawa, na uzungushe skrubu kwa zamu, nusu mzunguko kila upande, ili pini zisipinde. Kaza kwa vidole, halafu ongeza robo mzunguko kwa bisibisi. Fungua zote mbili, chomoa konekta na uitikise: skrubu zisidondoke. Mwisho, vuta kila skrubu nyuma mpaka ncha iguse tundu la kasha, uizungushe kinyume cha saa, na itoke kabisa bila kukwaruza meno ya kasha.