Kulinganisha mafuta ya meli kwa kila mtu barani Ulaya

Fungua mizania ya nishati (jedwali la nishati inayopatikana na kutumika) ya Eurostat, ofisi ya takwimu ya Umoja wa Ulaya, uchukue mstari wa mafuta yaliyouzwa kwa meli za safari za kimataifa. Usafiri wa majini wa ndani na uvuvi vina mistari yake, usivichanganye humo. Gawa kwa idadi ya watu ya Januari 1, mwaka uleule.

Kosa kubwa liko kwenye vipimo. Ukichagua tani za mafuta linganifu (kipimo cha nishati), jedwali huziandika kwa maelfu: 500 kwa watu 500,000 ni tani 1 kwa mtu, lakini ukisahau "maelfu" utapata kilo 1.

Uholanzi na Malta zitapaa, kwa sababu mafuta huhesabiwa yanakouzwa, si yanakochomwa. Meli ikijaza tangi Rotterdam kwenda Singapore, mafuta yote yanaandikwa kwa Waholanzi. Austria haina bahari, hivyo husoma sifuri, ingawa bidhaa zake hupita bandari za jirani.