Kuhamisha betri ya ndege uliyoijenga mwenyewe

Mwenzangu alibadilisha injini kwenye ndege yake ya viti viwili. Mpya ni nzito zaidi, pua ikalemewa, akataka betri iende nyuma ya viti. Naiunga mkono njia hiyo kuliko kufunga uzito usio na kazi mkiani.

Hatua ya 1. Pata kauli ya mbunifu wa ndege na ya mamlaka ya anga kabla ya kutoboa chochote.

Hatua ya 2. Kadiria. Betri ya kilo 7 ikirudi nyuma mita 2.2, ndege ikiwa na kilo 420: 7 × 2.2 ÷ 420, yaani kitovu cha uzito (mahali ndege inaposawazika) kinarudi nyuma karibu milimita 37.

Hatua ya 3. Pima ndege. Hapa ndipo tulipopoteza siku nzima. Funga milango ya karakana, maana upepo kidogo tu hunyanyua mabawa na kuharibu vipimo. Weka mizani tatu, mbili chini ya magurudumu makuu na moja chini ya stendi ya mkia, kisha inua mkia mpaka pimamaji ikae sawa pale mbunifu alipoelekeza, si pale unapoona panafaa. Mkia ukiwa chini kidogo, mizani ya nyuma husoma zaidi na kitovu huonekana kiko nyuma kuliko kilipo. Magurudumu makuu yakitanuka juu ya mizani husukuma kwa ubavu, nazo husoma vibaya. Isukume ndege mbele na nyuma kidogo kabla ya kusoma. Umbali upime sakafuni kwa timazi, usiunakili kwenye michoro.

Tulipima mara tatu na bado kitovu kilikuwa nyuma mno. Kumbe stendi ya mkia, yenye kilo 4, hatukuitoa kwenye hesabu! Kilo 4 tu, lakini zikiwa mita 4.5 nyuma ya magurudumu makuu zilisogeza kitovu karibu milimita 40, zaidi ya betri yenyewe. Pima stendi peke yake kwanza, uandike uzito wake ubavuni mwake.

Hatua ya 4. Kulia kilo 196, kushoto 194, mkia 30 bila stendi. Hivyo 30 × 4.5 ÷ 420 = mita 0.321 nyuma ya ekseli kuu. Ongeza milimita 37 za betri.

Hatua ya 5. Funga betri. Rilei kuu, yaani swichi ya kuikata betri, ikae jirani nayo, ili ukizima, waya mrefu wa kwenda mbele usibaki na umeme.

Hatua ya 6. Rudia hesabu kwa hali mbaya zaidi: rubani mwepesi (kiti kikiwa mbele ya kitovu), mizigo nyuma, tangi karibu tupu. Tangi likiwa mbele ya kitovu, kila lita inayoungua hukirudisha nyuma, kwa hiyo ndege iliyopaa salama inaweza kutua kitovu kikiwa nje ya mpaka uliowekwa na mbunifu. Mpaka wa nyuma ndio wa kuogopwa zaidi: ukiuvuka, ndege ikianza kuporomoka huku ikizunguka inaweza isitoke kwenye mzunguko huo. Mwenzangu alibaki na milimita 12 kabla ya mpaka huo, tukakubaliana begi lisizidi kilo 5.