Kupiga picha za ziwa la kreta la Bisoke ukitokea Goma

Hapa Goma, mtu akitaka picha ya ziwa lililo juu ya mlima huanza kwa kuniuliza anunue kamera gani. Uliyo nayo inatosha. Mlima Bisoke huharibu picha kwa unyevu, ndiyo maana hatua ya tatu hapa chini imekuwa ndefu kuliko zote.

1. Vuka siku moja kabla

Mpaka wa Kongo na Rwanda unapita juu ya mlima huu wenye mita 3,711, lakini njia ya watalii inapandia upande wa Rwanda. Akitokea mtu wa kukuambia anajua njia ya mkato upande wetu, muage. Lipia kibali mapema, ulale Musanze au Kinigi, upande wa Rwanda karibu na mlima. Wapandaji hukusanyika Kinigi saa moja asubuhi, na ukitoka Goma alfajiri hiyo hiyo foleni ya Petite Barrière, kivuko cha mpakani kati ya Goma na Gisenyi, itakuponza. Miezi mizuri ni Juni hadi Agosti. Januari na Februari pia panapandika. Droni iache nyumbani.

2. Mzigo

Lenzi moja pana, basi. Ziwa lina upana wa kama mita 400 nawe umesimama ukingoni kabisa, kwa hiyo lenzi ya milimita 50 italikata. Kama huna nyingine, simamisha kamera wima, piga picha kadhaa zinazopishana kwa theluthi, uziunganishe kwenye kompyuta. Tripodi mimi siibebi kule: inazama kwenye tope, na mchana mwanga unatosha kupiga kwa mkono. Vaa buti, soksi ndefu na glavu za kazi, maana njiani kuna majani yanayowasha hata kupitia suruali. Mpagazi mpe chakula na maji. Kamera ibebe mwenyewe.

3. Unyevu

Anza na mfuko. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, kwa hiyo kile kifuko cha sokoni ulichofungia kamera kitabaki mpakani, nawe utapanda ukiwa huna kitu. Tafuta mfuko wa turubai lisilopitisha maji, ule unaokunjwa mdomo mara tatu na kubanwa. Ukiukosa, chukua kopo la chakula lenye kifuniko kinachobana sawasawa. Ndani weka vile vipakiti vya chembe za kukausha vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Kuna wanaoweka mchele. Unga wake unaingia kwenye lenzi, usiige.

Mvua unaiona ikija. Jasho huwezi kuliona. Wengi hupanda na kamera ndani ya koti la mvua, imebanana na mwili kwa saa nzima, ikipata joto na mvuke. Wakifika juu wanaitoa kwenye baridi, na ule mvuke uliojificha ndani ya lenzi unageuka matone kwenye kioo kwa ndani, mahali ambapo kitambaa hakifiki. Hapo unaweza kukaa ukingoni ukingoje kikauke mpaka kiongozi aseme muda wa kushuka umefika. Kwa hiyo kamera ikae nje ya koti, ndani ya mfuko wake uliofungwa, ipoe pole pole kadiri mlima unavyopoa. Betri ni kinyume chake: baridi huzimaliza haraka, ziweke mfuko wa ndani karibu na kifua.

Juu usibadilishe lenzi, kwa sababu ukungu ule ni maji yanayoelea. Usiipulizie lenzi kwa mdomo. Beba vitambaa viwili vikavu, kimoja kitaloa tu.

4. Ukingoni

Sahau mwanga wa mapambazuko. Kwa ratiba ya hifadhi unafika juu karibu na adhuhuri, jua liko utosini, na ikitokea anga halina wingu hata moja maji yatang'aa vibaya. Ombea wingu jembamba. Ukungu ukifunika ziwa, keti. Hufunguka ghafla na kufunga tena, basi panga kila kitu kabla: tundu la lenzi f/8, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 200 au 400, na mmea mmoja wa mlimani, lobelia au senesio, mbele ili picha ipate kina. Kamera ikiona weupe wa ukungu hudhani mwanga umezidi, ikaitia picha giza. Ongeza mwanga kwa +1 kwenye kamera, upige kwa RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata.

5. Toa kadi kabla ya kushuka

Ukishuka na kamera baridi na kuifungua kwenye joto la Goma, inalowa papo hapo. Ifunge ukiwa bado juu, isifunguliwe mpaka kesho yake asubuhi. Kadi ya kumbukumbu itoe kule kule ukingoni uitie mfukoni, la sivyo hamu ya kutazama picha itakufanya ufungue mfuko ndani ya gari kabla hujafika Gisenyi.