Somo: Kuchagua Taa za Chumba cha Reli ya Mfano

Mjenzi wa reli ya mfano, yaani treni ndogo na mandhari yake juu ya meza, hutumia muda mrefu kupaka rangi mabehewa na kupanda miti midogo, kisha huviangazia vyote kwa balbu moja iliyoning'inia katikati ya dari. Balbu hiyo humulika paa la behewa na kuacha ubavu wake gizani, ilhali ubavu ndio unaotazamwa.

Hatua ya 1. Amua rangi ya mwanga kabla ya kuulizia ukali wake. Rangi hiyo hupimwa kwa kelvini: taa za 2700 hutoa mwanga wa manjano, na za 6500 huelekea ubuluu. Kwa mandhari ya mchana napendelea 4000 hadi 5000, na taa zote za chumba ziwe za kipimo kimoja.

Hatua ya 2, ambayo wengi huiruka na ambayo kwangu ndiyo muhimu kuliko zote. Soma kwenye pakiti kipimo cha uhalisia wa rangi, kinachoandikwa CRI, ambacho kikomo chake ni 100. Taa mbili zinaweza kulingana kwa kelvini, lakini yenye 80 ikafifisha wekundu wa kutu na matofali. Kwa hiyo tafuta ya 90 au zaidi. Nunua moja kwanza, uweke behewa jekundu karibu na dirisha mchana, kisha ulihamishie chini ya taa. Wekundu ukigeuka kuwa hudhurungi, taa hiyo haifai. Meza yako ya kupakia rangi nayo iwe na taa ya aina hiyohiyo.

Hatua ya 3. Funga taa juu, mbele kidogo ya ukingo wa meza upande wa mtazamaji, nyuma ya ubao mwembamba unaozificha. Zikirudi nyuma, ubavu wa treni huwa giza. Zikishuka chini mno, vivuli vya miti huangukia anga iliyochorwa ukutani, na hapo mandhari yote hupoteza uhalisia.

Hatua ya 4. Piga hesabu ya umeme. Utepe wa LED wa wati 14.4 kwa mita, ukiwa na mita 5, hula wati 72, yaani ampea 6 kwa volti 12, na mwisho wake huweza kufifia. Ule wa volti 24 huhitaji ampea 3 tu. Adapta iwe na ziada ya takriban asilimia 20.

Maswali ya wanachama

Swali: Je, mirija ya fluoresenti itachujusha rangi za mandhari yangu?
Jibu: Hutoa mionzi kidogo ya urujuanimno, ambayo kwa miaka mingi huweza kuchujusha rangi; vifuniko vya kuchuja mionzi hiyo husaidia. Hata hivyo, anza na pazia, kwa sababu jua la dirishani huharibu zaidi.

Swali: Nikirekodi video baada ya kupunguza mwanga, mistari meusi hupita kwenye picha. Kwa nini?
Jibu: Vipunguza mwanga vingi huwasha na kuzima LED kwa kasi ambayo jicho haliioni, lakini kamera huinasa. Rekodi taa zikiwa kwenye mwanga kamili, au tafuta kipunguza mwanga chenye masafa ya juu zaidi.