Somo: Jinsi ya kuchagua uwanja wa gokati Dubai

Mtu anayekuja Dubai kwa siku nne kufuata mzigo, na hata anayeishi Deira miaka yote, huchagua uwanja wa gokati (vile vigari vidogo vya mbio) kwa kutazama namba moja: kasi ya juu kabisa. Hiyo ndiyo namba yenye faida ndogo kuliko zote. Ukiwa umekaa sentimita chache juu ya lami, kilomita 50 kwa saa huonekana kama 100. Maulizo ya maana ni matatu: njia ina urefu gani, mnaingia vigari vingapi kwa mpigo, na dakika unazolipia ngapi kweli utazitumia ukiwa unaendesha.

Hatua ya 1: Jua mjini kuna nini

Uwanja mkuu wa nje ni Kartdrome, ulio ndani ya Dubai Autodrome, Motor City, kando ya barabara ya Sheikh Mohammed bin Zayed. Njia yake ni kilomita 1.2 na ina kona 17, na kuna mahali inapojipitia yenyewe kwa daraja na handaki. Watu wazima hupewa vigari vya injini ya Honda CC 390. Hapohapo kuna njia ya ndani ya mita 620. Metro haifiki Motor City, kwa hiyo nauli ya teksi kwenda na kurudi iingie kwenye bajeti tangu mwanzo.

Ukitaka umeme, kuna EKart Zabeel, ndani ya Dubai Mall. Huko metro inakusogeza karibu, na wasioendesha wana pa kuzurura. Aliye na gari na siku nzima anaweza kwenda hadi Yas KartZone, Abu Dhabi, jirani na njia ya Formula 1.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya mizunguko, usiangalie bei peke yake

Chukua urefu wa njia na muda wa mgeni wa kawaida. Kwenye njia ya mita 1,200, asiye mzoefu akitumia dakika 1 na sekunde 30 kwa mzunguko, hiyo ni wastani wa kilomita 48 kwa saa. Dakika 15 zitampa mizunguko 10. Kwenye mita 620 akitumia sekunde 50, dakika zilezile zitampa mizunguko 18. Gawa bei kwa mizunguko ndipo ulinganishe.

Ila mizunguko mingi si lazima iwe mizuri zaidi. Vigari 12 kwenye mita 1,200 ni mita 100 kwa kila kimoja. Vigari vilevile 12 kwenye mita 620 ni kama mita 52, yaani nusu ya muda wako utautumia ukitazama bampa ya mtu asiyetaka kukupisha. Uliza idadi ya juu kwa kipindi kimoja, kisha uliza kwa kawaida saa unayotaka huingia wangapi. Majibu hayo mawili hayafanani kamwe.

Uliza pia saa inaanza kuhesabiwa lini. Kuna viwanja ambako dakika zinaanza kigari cha kwanza kinapotoka, wewe uliye wa kumi ukiwa bado unafungwa helmeti. Na njia ikisimamishwa kwa ajali, je, saa nayo inasimama?

Hatua ya 3: Msimu na saa

Juni hadi Septemba joto linapita digrii 40 mchana, injini iko ubavuni mwako inatema joto lake, na umevaa ovaroli na helmeti. Miezi hiyo nenda ndani, au nje baada ya Isha, ukijua kwamba unyevu wa usiku nao ni kazi. Novemba hadi Machi nje ndiko kwenyewe. Tangu Januari 2022 wikendi ni Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa ni nusu siku ya kazi, kwa hiyo Ijumaa jioni hujaa. Jumatatu hadi Jumatano ndipo unapopata njia tupu. Ramadhani ratiba hubadilika, piga simu kwanza.

Hatua ya 4: Mafuta au umeme

Kigari cha mafuta kina klachi inayoshika yenyewe injini ikizunguka kwa kasi zaidi. Ukikanyaga kutoka kona ya polepole kuna kusita kidogo, halafu ndipo kinavuta. Cha umeme hakisiti: nguvu yote ipo tangu unapogusa pedali, kwa hiyo anayekanyaga kwa pupa katikati ya kona hujikuta ametazama alikotoka. Faida ya umeme ni ukimya na hewa safi. Faida nyingine ni kwamba wasimamizi wanaweza kupunguza kasi ya vigari vyote kutoka kwenye meza yao mtu anapopata ajali. Hasara yake ni kwamba betri ikishuka sana, vingine hupunguza nguvu bila kukuuliza.

Ukichagua mafuta ndani ya ukumbi, angalia feni za paa kabla ya kitu kingine chochote. Moshi unaochoma macho unaonekana na kunuka, lakini kaboni monoksidi haina harufu. Kichwa kikianza kugonga na kichefuchefu kikija baada ya kipindi kimoja, toka nje, na usikubali kipindi cha pili hata kama ni cha ofa.

Hatua ya 5: Fika nusu saa mapema, usimame ukutani, utazame

Hapa ndipo penye somo lenyewe, na ndipo watu wanapopita haraka.

Anza na kingo za njia. Tairi za kuzuia lazima ziwe zimefungwa pamoja kwa boliti au mikanda. Tairi zilizopangwa tu zinatawanyika zikigongwa, na moja ikibingirika njiani ni balaa kwa anayefuata. Vizuizi vya plastiki viwe vimeunganishwa na visogee kidogo vinapogongwa, maana kinachogoma kusogea humrudishia dereva pigo lote.

Kisha tazama mchanga. Dubai upepo mmoja unatosha. Njia ya nje huwa na mstari mweusi wa mpira ambao vigari vinapita, na nje ya mstari huo lami ni ya kijivu iliyofifia. Kijivu hicho ni vumbi. Ukikiona kimeingia hadi kwenye kona na hakuna aliyefagia, jua kila atakayejaribu kumpita mwenzake kwa nje atazunguka.

Sasa tazama skrini ya muda. Kila kigari kina kifaa kidogo kinachosomwa kinapovuka waya uliozikwa kwenye lami, na muda hutokea hapohapo. Chagua namba moja uifuate kwa vipindi viwili. Kwa mfano, namba 14 inafanya 1:24 wakati wengine wako 1:17. Kipindi kinachofuata anapanda mtu mwingine kabisa, na 14 inafanya 1:25. Hapo tatizo si dereva. Ukipata namba tatu za namna hiyo kwenye vigari kumi na mbili, unanunua bahati nasibu. Kwenye uwanja unaotunzwa, namba ya mwisho ubaoni leo inaweza kuwa ya kwanza kipindi kijacho.

Mwisho, tazama wasimamizi. Kigari kikisimama kwa kuzunguka, hesabu sekunde hadi bendera ya njano au taa ya njano iwake. Ikichukua zaidi ya tano, ondoka. Anayegonga wenzake makusudi anapaswa kuonyeshwa bendera nyeusi na kuitwa ndani, siyo kuchekewa.

Hatua ya 6: Mavazi

Viatu vya kufunika mguu mzima, soli nyembamba. Ndala na makubadhi utarudishwa mlangoni. Hakuna kitu kinachoning'inia: mtandio, kanga, kamba za kofia ya sweta, mkufu. Ekseli ya nyuma na cheni vinazunguka karibu na kiti chako na vikishika kitambaa havikiachii. Nywele ndefu zisukwe na zitiwe ndani ya ovaroli. Dada mwenye hijabu avae ile ya michezo inayobana, bila pini, chini ya soksi ya kichwa. Buibui halikai chini ya ovaroli, kwa hiyo uvae suruali kabisa tangu nyumbani.

Helmeti ikae bila kucheza ukitikisa kichwa, na mkanda wa kidevu uruhusu vidole viwili tu. Mwenye miwani ajaribu nayo kabla ya kukaa.

Hatua ya 7: Kabla ya kutoka

Kaa, kanyaga breki hadi mwisho: goti libaki limepinda kidogo na pedali iwe ngumu. Ikizama kama sifongo, omba kigari kingine. Kulia ni mafuta, kushoto ni breki, na kila mguu una kazi yake. Aliyezoea gari la otomatiki hutaka kutumia mguu wa kulia kwa vyote, na wengine hukanyaga vyote pamoja: klachi inaungua, utasikia harufu kabla hujaona kitu. Mzunguko wa kwanza na wa pili nenda taratibu, tairi bado ni baridi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Sharjah): Nina mtoto wa miaka minane. Naweza kumpakata?

Jibu: Hapana, ndugu yangu, na uwanja wowote utakaokuruhusu, ukimbie. Usukani utakuwa mbele ya kifua chake. Uliza kama wana kigari cha viti viwili, au kigari cha watoto chenye injini ndogo na njia yao peke yao. Wengi hupima urefu kuliko umri, na sababu ni pedali: mguu lazima ufike bila mtoto kuteleza mbele kwenye kiti. Mpime nyumbani, ndipo upige simu uwanjani. Kumvunja moyo mbele ya kaunta ni vibaya zaidi.

Swali (Ajman): Nazunguka kila mara kwenye kona ileile. Nimebadilisha kigari, bado.

Jibu: Breki za gokati za kukodi ziko nyuma tu. Ukizikanyaga huku umeshakata usukani, tairi za nyuma zinaachia na mkia unakuja mbele. Maliza breki usukani ukiwa umenyooka, achia, ndipo ukate. Kitu kingine: ekseli ya nyuma ni kipande kimoja, haina difu (kile kinachoruhusu magurudumu mawili yazunguke kwa kasi tofauti). Kwenye kona magurudumu yote mawili yanataka kuzunguka sawa, wakati la ndani lina safari fupi. Kigari kimetengenezwa ili gurudumu la ndani liinuke kidogo na kukupa nafasi ya kugeuka. Ukikata usukani kwa uamuzi mmoja litainuka. Ukiukata kwa vipande vipande halitainuka, na kigari kitasukuma mbele au kuruka mkia. Na kama kona hiyo ina mchanga, rudi hatua ya 5.

Swali (Al Ain): Nina kilo 105, vijana wa kilo 65 wananiacha kwenye mnyooko. Kuna uwanja utakaonifaa?

Jibu: Tuseme kigari kina kilo 160. Wewe na kigari ni 265, wao ni 225, yaani unabeba karibu asilimia 18 zaidi kwa injini ileile. Unapoumia ni kutoka kona za polepole, siyo kasi ya mwisho. Kwa hiyo epuka njia fupi yenye kona za kuvunja kasi mara kwa mara na uende kwenye njia ndefu ambayo kasi haikatiki. Kwa mashindano ya kikundi, uliza kama wanawaongezea wepesi vyuma vya kusawazisha uzito. Wapo wanaofanya, lakini lazima uombe wakati wa kuweka nafasi.

Swali (Nairobi): Hapa kwetu, ule uwanja wa karibu na Carnivore, Lang'ata Road, somo hili linatumika?

Jibu: Karibu lote. Badilisha joto kwa mvua: Machi hadi Mei, na tena kuelekea mwisho wa mwaka, uliza kama lami ikilowa mnaendelea au mnarudishiwa pesa. Tofauti kubwa ni mwinuko. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari, na injini isiyo na tabo (turbo, ya kuisukumia hewa) hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300. Hapo imeenda asilimia 17: injini ya nguvu za farasi 12 Dubai ni ya farasi 10 hivi kwenu. Kabureta isiyobadilishwa jeti (kitundu kinachopima mafuta) nayo itamwaga mafuta mengi kuliko hewa, plagi inakuwa nyeusi na kigari kinakohoa kikitoka kona. Ukisikia kikohozi hicho kwenye vigari vyote, ni marekebisho. Ukikisikia kwenye kimoja, omba kingine.

Swali (Deira): Mbavu zinaniuma siku tatu baada ya kuendesha. Ni kawaida?

Jibu: Ni malalamiko ya kawaida, lakini yana dawa. Kiti kimekuwa kipana kwako, kwa hiyo kila kona ubavu unapiga ukingo. Omba sifongo la kiti au kinga ya mbavu, na usijishikilie kwa usukani. Jibane kwa magoti. Maumivu yakipita wiki, au ukipumua kwa nguvu unachomwa, nenda ukapigwe picha.

Swali (Bur Dubai): Tuko kumi kutoka kazini, tukodi njia nzima?

Jibu: Ndiyo, kama bei ya njia nzima ikigawanywa kwa kumi haizidi sana tiketi ya mtu mmoja. Ombeni mpangilio huu: dakika 10 za mazoezi, 5 za kupanga nafasi, 15 za mbio. Waambieni vigari vigawiwe kwa kura baada ya mazoezi, la sivyo aliyefika mapema atakuwa ameshakalia kile chepesi. Mtu mmoja abaki nje na simu za wote. Simu ikidondoka mfukoni kwenye kona ya tatu, njia nzima inasimamishwa na dakika zenu zinakwenda.