Kukusanya mabehewa ya mizigo kwa reli ya bustani hapa Tanga: anza na rula

Reli ya bustani ni treni ndogo ya mfano inayopita nje, uani. Kabla hujalipia behewa hata moja, chukua rula upime reli yako, kutoka ubavu wa ndani wa chuma kimoja hadi ubavu wa ndani wa chuma cha pili. Ukipata milimita 45, reli yako ni ya ukoo unaoitwa G. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Upana wa reli ni mmoja, lakini skeli za mabehewa yanayopita juu yake, yaani mara ngapi behewa limepunguzwa kuliko lile halisi, ni nyingi, na wauzaji huziita zote kwa herufi hiyo moja.

Hatua ya 1: Chagua skeli, uishike

Reli yetu ya Tanga, iliyoanza kujengwa mwaka 1893 na kufika Muheza mwaka 1896, ni mita geji, yaani milimita 1,000 kati ya chuma na chuma. Gawanya 1,000 kwa 45, utapata 22 na ushei. Kwa hiyo skeli ya 1:22.5, ambayo LGB, watengenezaji wa treni za mfano wa Ujerumani, waliingia nayo sokoni mwaka 1968, inatukaa watu wa Tanga kama kanzu iliyokatwa kwa fundi. Anayetaka kuiga SGR, iliyoanza kubeba abiria kutoka Dar mwaka 2024, atafute 1:32, maana geji yake ni milimita 1,435. Skeli ya 1:20.3 ni ya reli za futi tatu za Marekani.

Nyingine ni 1:29. Mabehewa mengi ya Kimarekani, yakiwemo ya kampuni ya USA Trains, ni ya skeli hiyo. Kwa umbo yanakaribiana na ya 1:22.5, ndiyo maana ukiyaona pichani hutofautishi. Mimi nilinunua mawili kwa muuzaji wa ng'ambo aliyeandika "G" bila neno jingine. Niliyaweka relini, nikaona yamependeza. Kisha nikasimamisha mpagazi wangu mlangoni, kisanamu cha milimita 76, ambacho kwa 1:22.5 ni mtu wa mita 1.7. Utosi wake ukakaribia kugusa kizingiti cha juu. Mtu wa kimo hicho kwenye 1:29 anatakiwa awe na milimita 59 hivi. Tangu siku hiyo, kabla sijalipa, namwuliza muuzaji kimo cha mlango kwa milimita. Asipojua, naenda kwa mwingine.

Hatua ya 2: Nunua treni, si behewa moja moja

Amua kwanza treni yako inabeba nini na inatoka wapi. Treni ya Tanga ina mizigo yake: marobota ya katani, saruji ya Pongwe, mafuta kutoka bandarini. Kwangu mimi katani ni lazima, kwa sababu Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, alileta miche ya mkonge pwani hii mwaka uleule 1893 reli ilipoanza, na vitu hivyo viwili vimekua pamoja. Kwa kuanzia chukua mabehewa mawili yaliyofunikwa, mawili ya wazi na tangi moja. Matano yanatosha kabisa kuonekana treni.

Pia chagua enzi. Ukiiga East African Railways, shirika la reli la pamoja la Kenya, Uganda na Tanzania, kumbuka shirika hilo lilivunjika mwaka 1977. Usilichanganye na rangi za TRC ya leo kwenye msafara mmoja.

Mabehewa mapya hutoka kwa mikupuo. Kiwanda hutoa rangi moja kwa namba mbili tatu tofauti, kisha pengine hakiirudii. Kwa hiyo ukitaka mawili yanayofanana, yachukue kwa pamoja na yawe na namba tofauti, maana reli haina mabehewa mawili ya namba moja. Na uulize vipuri. Kampuni ya Aristo-Craft ilifunga mwaka 2013, na hadi leo wenye mabehewa yake wanahangaika kutafuta bogi (fremu zinazoshika magurudumu) na viunganishi.

Hatua ya 3: Piga hesabu yote kabla ya kuagiza

Bei ya dukani ni mwanzo tu. Ongeza usafiri, bima na ushuru wa forodha. VAT ya asilimia 18 hukokotolewa juu ya jumla ya hivyo vyote, si juu ya bei ya behewa peke yake. Behewa la sentimita 44 huja kwenye boksi kubwa, kwa hiyo agizeni wawili au watatu pamoja mgawane usafiri.

Hatua ya 4: Pima magurudumu

Boksi lifungulie juu ya shuka jeupe. Vipande vidogo, kama ngazi na usukani wa breki, hudondoka njiani, na kwenye shuka utaviona. Kisha geuza behewa, uchukue venia, kipimio chenye taya mbili, upime nafasi kati ya migongo ya magurudumu mawili ya ekseli moja. Inatakiwa iwe karibu milimita 40. Zikipungua sana, gurudumu litapanda reli inapogawanyika, na utailaumu reli bure. Gurudumu la chuma kwenye ekseli yake husogea ukilizungusha taratibu huku unavuta. Usiligonge nyundo.

Yakija magurudumu ya plastiki, badilisha. Hukusanya uchafu na kuupaka kwenye reli. Kwa hewa yetu ya bahari chagua shaba nyeupe au yaliyopakwa nikeli, kwani chuma kitupu hushika kutu upesi.

Hatua ya 5: Uzito na mzigo

Behewa jepesi linaruka. Yangu yote nimeyafikisha kati ya kilo 1 na kilo 1.3 kwa mizani ya jikoni. Natumia chubwi za wavuvi, nazibandika sakafuni juu ya bogi, chini kadiri inavyowezekana. Ni madini ya risasi hizo, kwa hiyo nawa mikono na usiwape watoto.

Katani nimetengeneza mwenyewe. Nilikata mbao vipande vya sentimita 5 kwa 3, nikapaka gundi, nikalaza nyuzi za katani zilizochanwa kwa chanuo hadi zikalingana, kisha nikafunga kila kipande kwa uzi mwembamba mara nne. Zikikauka zina rangi ileile ya dhahabu iliyopauka unayoiona katani ikianikwa mashambani.

Behewa moja lililofunikwa liache tupu kwa ajili ya betri ya kuendesha injini. Seli tano za lithiamu za volti 3.7 zikiungwa mfululizo hutoa volti 18.5, na hutahangaika tena na umeme kukatika wala reli kushika ukungu wa chumvi. Usiliache juani likiwa na betri ndani.

Hatua ya 6: Panga msafara

Jirani yangu, mzee mstaafu wa reli, alikuja jioni moja akakuta treni yangu inaanguka kwenye tao kila mzunguko. Nikamwamkia, akaitikia, akachutama akatazama mizunguko miwili bila kusema. Kisha akasema, "Mwanangu, umeweka matupu mbele na mazito nyuma. Matupu yanavutwa huku na huku, lazima yaangukie upande wa ndani wa tao." Tuliyahamishia nyuma, treni ikatulia. Tao nalo usilibane. Nusu kipenyo cha milimita 600 kinapitika, lakini milimita 1,195 ndiyo inayopendeza kwa mabehewa marefu.

Hatua ya 7: Chumvi

Kila baada ya kuendesha, futa magurudumu na viunganishi kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo na chumvi, kausha, kisha tia tone moja la mafuta ya cherehani kila mwisho wa ekseli. Masika yakikaribia, mwezi Machi, mimi huyarudisha mabehewa yote kwenye maboksi yake na vifuko vya kunyonya unyevu, nikaandika kwa penseli kwenye kila boksi namba ya behewa na uzito wake.