Kuhamia Lamu kikazi: njoo kwanza wakati wa kusi

Kila mwaka Krismasi ikiisha tu simu zinaanza. Mtu amekuja Shela siku nne, amepanda mashua jua likizama, amekula kamba wa kuchoma, sasa anataka kuacha kazi Nairobi aje kuishi Amu, ndio Lamu kwa wenyeji. Simlaumu, hata mimi nilianza hivyohivyo na huu ni mwaka wangu wa saba, nafanyia nyumba za wageni mahesabu. Ila jibu langu ni moja kwa wote: usihame kwa ulichokiona Disemba. Rudi Mei, kaa wiki tatu, halafu tuongee.

Mwaka wa huku unaendeshwa na pepo. Kaskazi inavuma kuanzia kama Disemba mpaka Machi, bahari iko sawa, wageni wamejaa, kila mtu ana pesa na kila mtu ni rafiki yako. Aprili kusi inaingia na masika, bahari inachafuka, wavuvi wengine wanakaa pwani wakishona nyavu, na ikifika Mei na Juni hoteli nyingi za Shela zinafunga kabisa. Wahudumu wanaambiwa "tutakuita". Yule aliyekuwa anakunja tipu kila jioni unamkuta dukani anaandikiwa unga kwenye daftari. Mimi mwaka wa kwanza niliajiriwa na hoteli moja (jina halina haja) mwezi wa Novemba, mshahara mzuri, chakula juu yao, nikaenda nikachukua nyumba kwa bei ya Novemba. Mwisho wa Aprili nikaitwa ofisini nikaambiwa nipumzike mpaka Julai, bila malipo. Siku hiyo ndio niliisoma kontrakti yangu vizuri na kweli ilikuwa imeandikwa "kwa msimu". Kosa langu mwenyewe.

Kwa hiyo mshahara wa hoteli uhesabu hivi: zidisha mara tisa, gawanya kwa kumi na mbili, hiyo utakayopata ndio pesa yako ya mwezi. Kama haitoshi kodi na chakula, kazi hiyo haikutoshi, hata waiseme vipi.

Kufika si shida siku hizi. Mabasi yanatoka Mombasa kupitia Malindi, Garsen na Witu mpaka Mokowe, jeti ya upande wa bara, lami tupu. Panda la alfajiri, beba kitambulisho chenyewe si picha kwenye simu, maana vizuizi vya polisi viko na mara nyingine mabasi yanasindikizwa kwa msafara, upande wa bara umewahi kuwa na mashambulizi na watu hawasahau. Ukija kwa ndege unashuka kisiwa cha Manda, ng'ambo ya pili. Vyovyote vile mwisho utapanda boti, Amu haina daraja.

Nyumba sasa. Hapa ndipo wageni wengi wanaliwa pesa, nisikize vizuri.

Shela ni ghali na imejaa wazungu wenye nyumba zao, ukifanya kazi mjini ni kama dakika arobaini kwa miguu au boti kila siku, na boti kila siku ni pesa. Mkomani ndio mji wa kale wenyewe, nyumba za mawe. Langoni kumechangamka, maduka na kelele. Wiyoni na Gadeni ndiko wengi wetu tunaofanya kazi tunapata chumba cha bei ya kueleweka. Mgeni lakini lazima moyo umpeleke Mkomani, anaona daka (ukumbi wa mlangoni) na mlango wa nakshi, anaingia ndani anakuta kiwanda, yaani ua wa ndani, katikati na zidaka, vile vishubaka vya ukutani, amekwisha. Nyumba hizo nyingi ni za urithi. Ndugu sita, wawili wako Mombasa, mmoja Jeddah, na anayekuonyesha nyumba ni mpwa wa mmoja wao. Mimi nililipa miezi mitatu kwa kaka mmoja mcheshi sana. Wiki ya pili hodi, dada yake, mtu mzima na buibui lake, mpole kabisa, akakaa akanywa chai yangu akaisifu, akamaliza kikombe ndio akaniuliza, "Mwanangu, kodi wampa nani?" Sikulala usiku ule.

Ukipenda nyumba, kwanza waulize majirani ni ya nani. Halafu andikeni karatasi mbele ya mzee wa mtaa au chifu, jina la anayepokea kodi liwekwe na wenzake wakubali hata kwa simu, na ulipe kwa M-Pesa siku zote, pesa ya mkononi hapana.

Kabla ya kutia sahihi ingia na simu mbili za laini tofauti usimame katikati ya kila chumba. Zile kuta za matumbawe ni nene kama mkono mpaka kiwiko, zinapooza nyumba vizuri sana lakini zinaua netiwaki. Kuna jamaa anafanya kazi ya onlaini na kampuni ya Nairobi, mikutano yote anaifanyia ghorofa ya juu, chini ya makuti, jirani zake wote wanajua bosi wake anaitwa nani. Halafu panda juu uangalie hayo makuti yenyewe na boriti za dari, alama za maji zinaonekana. Ndio maana nasema njoo na mvua, nyumba inayovuja, Disemba haikwambii.

Bafuni utakuta birika la maji limejengwa pembeni na ndani mna samaki wadogo wanaogelea. Usiwatoe! Wanakula viluwiluwi vya mbu, ndio kazi yao toka enzi za mababu. Shoga yangu kutoka Nakuru aliwachota na kopo akawamwaga akijua anasafisha, kisha akatia dawa ya kufulia humo birikani, mwenye nyumba alikasirika kuliko kama angevunjiwa mlango. Maji unachota na kata, unaoga nje ya birika, sabuni haiingii. Na maji yenyewe usiyachezee, mengi yanatoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela, mchanga unakunywa mvua unaiweka, ndio sababu watu hapa wanakuwa wakali wakisikia mtu anataka kujenga kule. Chandarua nunua hata kama birika lina samaki mia.

Jambo jingine, mji wa kale ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001. Usitoboe dirisha, usiongeze ghorofa, usibadilishe mlango bila kupita ofisi ya makumbusho, hata kama mwenye nyumba amesema "wewe fanya tu".

Tuje kwenye kazi. Huku kazi haitangazwi sana, inasemwa. Sivii yako nzuri na ilete, lakini haitembei mpaka mtu aseme "huyo namjua". Na watakujua wapi? Barazani. Pita Mkunguni pale mbele ya Ngome baada ya alasiri, salimia, kaa, kunywa kahawa, usiombe kazi siku ya kwanza wala ya pili. Wataanza wao: watoka wapi, wafanya nini, umekuja kwa nani. Hilo la "kwa nani" uwe na jibu. Mimi kazi yangu ya sasa niliipata kwa muuza kahawa, wallahi, aliskia nyumba fulani ya wageni mahesabu yamewashinda akasema kuna binti mmoja hukaa pale na kalkuleta.

Ufundi ndio unalipa mwaka mzima. Chumvi ya bahari inakula kila kitu, friji, feni, injini za boti, laptopu, kwa hivyo fundi wa friji au wa mashine za boti hata kusi hana likizo. Fundi wa chokaa na wa kuchonga mbao pia anatafutwa, ila hapo kuna mabingwa waliozaliwa na kazi, uje kwa adabu. Waalimu na manesi wanakuja kwa ajira zao za serikali, hao wanajua njia. Kuhusu bandari mpya ya Lamu, gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021 na watu wengi walikuja wakidhani kazi zinagawiwa kama tende. Kwanza iko bara, upande wa Kililana, si kisiwani. Pili, uwe na barua ya kazi mkononi kabla ya kufunga virago, si ahadi ya mtu aliyesema ana mtu.

Makaratasi haraka haraka: ukishika chakula cha watu unatakiwa cheti cha afya na kinafanywa upya kila miezi sita. Duka au mkahawa unataka leseni ya kaunti. Cheti cha polisi cha tabia njema kitoe ulikotoka, hoteli zinakiuliza. Ndugu zetu ambao si Wakenya, ruhusa ya kuingia kutembea si ruhusa ya kazi, kuna kibali cha Class D kwa mwenye kuajiriwa na Class G kwa mfanyabiashara, na ardhi katiba ya 2010 haimpi mgeni zaidi ya miaka 99 ya kukodi, kwa hiyo akitokea mtu anakuuzia shamba la milele mwambie asalimie kwao.

Kuishi na watu si kazi kubwa ukianza na salamu. Usipite baraza bila kusema kitu, wazee shikamoo, mabega na magoti yafunikwe mjini, Ramadhani usile njiani mchana hata kama wewe si Muislamu. Pombe mjini ni tabu kuipata na huna haja ya kuitafuta mwezi wa kwanza. Ukisikia "simile!" nyuma yako jibanze ukutani, ni punda na mawe ya kujengea au mkokoteni, na punda hana breki.

Kiamu, Kiswahili cha huku, kitakupiga chenga. Mimi nilijiona Mswahili kamili, nimekulia Voi, siku ya tatu bi mwenye nyumba akaniita toka ghorofani, "Ndoo! Ndoo yuu!" Nikapanda na ndoo, tena nimeijaza maji nikijua anataka kufua. Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi, kumbe ananiita nikale mkate wa mofa ungali moto. Ndoo ni njoo, yuu ni juu, ndia ni njia, tini ni chini. Mpaka leo mtaani kuna watu wananiita Bi Ndoo.

Mizigo basi. Gari na pikipiki ya kutembelea mjini sahau, vichochoro vingine watu wawili wanapishana kwa ubavu. Friji na kitanda usilete, ukitoka Mokowe kuna hamali wa kupakia, kuna boti, kuna hamali wa kushusha, kuna punda mpaka mlangoni, na kila mmoja ana bei yake, ukijumlisha umenunua kingine hapahapa. Leta viatu vya kuvuliwa upesi, tochi, pawabenki nzuri ya simu kwa siku stima imepotea, na dawa zako za miezi miwili. Na pale jetini elewana bei na hamali kabla hajagusa begi, akishaliweka begani mmeshakubaliana kwa bei yake.